Nani aliosha masufuria? Mwongozo kamili wa kupima jinsi waumini wanavyoshirikiana

Mwulize mchungaji yeyote wa hapa Uganda, kuanzia Katwe mjini Kampala mpaka makazi ya wakimbizi ya Kyaka, waumini wake wanashirikiana vipi. Atakujibu, "Bwana asifiwe, tunapendana, tuko vizuri." Hadanganyi. Kila Jumapili anaona watu wamejaa, wanaimba, wanapeana mikono mlangoni. Sasa mwulize swali la pili: kwenye msiba wa mwisho, nani aliosha masufuria? Hapo atanyamaza kidogo, halafu atamwita mke wake.

Nimekuwa katibu wa kanisa kwa miaka mingi, na nimekaa na wazee wa makanisa yanayosali kwa Kiswahili mjini Kampala na kwenye makazi ya wakimbizi huko magharibi. Muumini ukimwuliza anavyojisikia kuhusu kanisa lake, atakupa adabu. Ukimwuliza Jumamosi alifanya nini na nani alimwita, atakupa habari. Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa inaanza na kazi zilizokwisha kufanyika, maoni yanafuata nyuma.

Tengeni kama wiki sita. Vifaa ni daftari moja kubwa, karatasi za manila, kalamu nene mbili na kilo moja ya maharage. Maharage nitayaeleza.

Kabla hamjaanza

Kaeni na mchungaji na wazee, muandike sentensi moja ya sababu. Kwa mfano: "Tunataka kujua kazi za kanisa zinabebwa na nani, na nani tumemsahau." Isomeni kwa sauti. Kama sababu ya kweli iliyojificha ni kumjua anayempinga mchungaji, au kumtafutia kosa mwenyekiti wa kwaya, acheni kabisa. Watu watanusa siku ya kwanza, na hamtapata neno la kweli kwa miaka mitatu.

Jambo la pili la kukubaliana mapema: mtakachokipata kitasomwa mbele ya waumini. Mchungaji asiyekubali hilo hajawa tayari, na hakuna ubaya kumwambia hivyo kwa heshima.

Halafu angalieni mamlaka yamekaa wapi kanisani kwenu, maana hapo ndipo mtajua nani aulize. Kwenye Kanisa la Uganda, yaani Anglikana, mchungaji huhamishwa na walei hubaki. Mara nyingi nguvu iko kwa familia mbili tatu zilizotoa kiwanja enzi za mababu. Kwa Wakatoliki, anayejua hali ya watu wiki nzima ni katekista, kwa kuwa padri hufika kigangoni kwa zamu, na mambo mengi huzungumzwa kwenye jumuiya ndogondogo. Kwenye kanisa la uamsho lililoanzishwa na mchungaji mwenyewe, ambako hata hati ya kiwanja ina jina lake, hakuna mwenyeji atakayesema wazi mbele ya mwenyeji mwenzake. Huko tafuteni mtu wa kanisa jirani asimamie vikao.

Msimu nao una maneno yake. Kusini na kati mwa nchi mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, na wakati wa kupanda mtakuta wazee na watoto tu. Wiki ya kuelekea tarehe 3 Juni wengi wako njiani kwenda Namugongo kwa hija ya Mashahidi wa Uganda, baadhi kwa miguu. Msimu wa kampeni za siasa usiguse, maana kila swali litageuzwa la chama.

Timu ya watu watano

Msichague wazee watano. Chagueni mzee mmoja anayeheshimika, kijana mmoja, mama mmoja asiye na cheo chochote, mtu mmoja aliyehamia kwenu mwaka huu, na mmoja anayetoka kwenye kundi dogo la lugha. Mchungaji asiwemo, na mke wake asiwemo. Hilo la pili huleta maneno, lakini shikilieni.

Nasema hivyo kwa sababu niliumia. Mara ya kwanza kufanya kazi hii, katika kanisa ambalo silitaji, nilichapisha karatasi 80 zenye maswali 20 ya kuweka tiki. Nilijiona mtaalamu. Mama Mchungaji, kwa wema wake, akasimama mlangoni kuzikusanya moja moja, huku akimsalimia kila mtu kwa jina. Karibu kila karatasi ilisema "vizuri sana". Nikaandika ripoti nzuri, tukashangilia. Baada ya miezi mitatu nusu ya kwaya iliondoka siku moja, na kinanda wakaondoka nacho.

Hatua ya kwanza: daftari la kazi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, msiikimbie. Timu ikae jioni mbili, iandike kila kazi iliyofanyika kanisani kwa miezi mitatu iliyopita. Watu huanza na mahubiri na kwaya, kisha wanakwama. Wasaidieni: nani alifagia? Nani alichota maji ya kuosha vikombe vya meza ya Bwana? Nani alikaa na watoto wa shule ya Jumapili siku mwalimu alipougua? Nani alilala kwenye jengo mlipoleta mabati? Nani alimpikia Askofu alipokuja kwa kipaimara? Nani alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kuomba barua? Nani alimtembelea yule mgonjwa aliyelazwa, na nani alitoa nauli ya bodaboda?

Kila kazi iwe na safu nne: nani aliamua, nani alifanya kwa mikono yake, nani alitoa pesa au vitu, na nani aliombwa akakataa. Andikeni majina halisi. Daftari hili ni la timu peke yake, lifungiwe ndani, na baada ya hesabu ya marudio ya miezi sita kurasa za majina zichanwe.

Mtu akiona vibaya kuandika majina, mfungulieni Nehemia sura ya 3. Ni orodha ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu, kipande kwa kipande. Shalumu ametajwa na binti zake. Watu wa Tekoa wametajwa, na wakubwa wao waliokataa kuinamisha shingo wametajwa vilevile. Ukisoma mbele kidogo unawakuta watu wale wale wa Tekoa wakijenga sehemu ya pili. Nehemia alijua nani alibeba mawe.

Sasa hesabuni. Tuseme kanisa lina watu wazima 120, na kazi mlizoandika zina nafasi 60 za kufanya kwa mikono. Mnapoorodhesha majina, mnakuta ni 23 tu, na sita kati yao wamejaza nafasi 35. Maana yake watu 97 hawaonekani popote. Wazee wakiona hivyo husema, "Watu wavivu." Subirini. Rudini kwenye safu ya nne. Kama majina ya wale walioombwa wakakataa hayafiki kumi, basi tatizo si uvivu, ni kwamba hawakuitwa. Sijaenda kanisa hata moja ambako safu hiyo haikuwanyamazisha wazee.

Linganisheni pia safu ya kwanza na ya pili. Mkikuta walioamua ni wanaume wanne na waliofanya ni akina mama ishirini, na hakuna jina linalokaa pande zote mbili, mmeshapata habari kubwa kuliko maswali yote yatakayofuata.

Hatua ya pili: misiba miwili

Hakuna kitu kinachofunua kanisa kama msiba. Huku kwetu watu wana desturi za kusaidiana kwenye shida zilizotangulia mipango yetu ya kanisa: Buganda wana mabugo, yaani michango ya rambirambi, na vikundi vya munno mukabi, yaani rafiki wa wakati wa shida; Kigezi, kusini-magharibi, wana vikundi vya engozi vilivyobeba wagonjwa kwa machela milimani kabla ya barabara, na bado vinachangia maziko. Muumini wako huenda anashiriki vizuri sana huko kijijini huku kanisani anakaa benchi la nyuma. Hilo nalo mliandike.

Chukueni misiba miwili ya mwaka uliopita. Mmoja uwe wa mtu mkubwa kanisani, labda mzee au mama yake mchungaji. Mwingine uwe wa mtu mdogo: mjane, mpangaji, mkimbizi aliyefika karibuni. Fuatilieni kila mmoja saa kwa saa. Habari ilimfikia kiongozi saa ngapi, na kwa njia gani? Nani alifika usiku ule ule? Turubai na viti vilitoka wapi? Michango ilisomwa hadharani? Gari la kupeleka mwili kijijini lililipwa na nani? Wiki ya tatu baada ya maziko, nani alirudi kuwaona wafiwa?

Swali la mwisho ndilo linaloumiza. Mama mmoja kwenye makazi ya wakimbizi alituonyesha mkeka uliokunjwa kando ya mlango. Alisema aliuacha pale tangu siku ya maziko ya mumewe, ili wageni wakija wapate pa kukaa. Ulikuwa mwezi wa pili. Kijana wa timu aliyekuwa anaandika aliweka kalamu chini.

Wekeni misiba hiyo miwili kwenye manila moja, upande huu na upande huu. Msiandike maoni yoyote pembeni, haihitaji.

Hatua ya tatu: vikao na maharage

Sasa ndipo mnauliza watu. Fanyeni vikao vidogo vya watu wanane hadi kumi na wawili, kila kundi peke yake: akina mama, wanaume, vijana, na wale walioingia kanisani ndani ya miaka miwili. Wakichanganywa, vijana watawaangalia wazee kabla ya kujibu. Ikiwezekana msikutane kanisani. Chini ya mwembe wa jirani watu huongea zaidi.

Lugha ni nusu ya kazi. Kwenye makanisa yetu unakuta Kiswahili madhabahuni, Kinyabwisha au Kilingala kwenye benchi, Kiganda sokoni, na Kiingereza kwenye ripoti ya askofu. Kikao kiende kwa lugha ambayo kundi lile hugombana kwayo nyumbani. Mkalimani asiwe kiongozi wao, kwa kuwa mkalimani mwenye cheo hulainisha maneno. Nimeshasikia "wanatudharau" ikitafsiriwa "wanaomba ushirikiano zaidi".

Maharage yanafanya kazi hivi. Wekeni sahani tano chini, kila moja na mchoro wa kazi: jembe kwa kazi za ujenzi na usafi, sufuria kwa misiba na sherehe, sarafu kwa michango, mdomo kwa maamuzi, na mkono kwa kutembeleana. Kila mtu apewe maharage kumi. Swali la kwanza: "Wapi unaona tunafanya pamoja? Weka maharage mengi pale." Watu waende mmoja mmoja, wengine wakigeuza migongo. Hesabuni mbele yao, andikeni, rudisheni maharage. Swali la pili: "Wapi wewe mwenyewe umeitwa ukashiriki mwaka huu?" Wanaweka tena.

Pengo kati ya duru hizo mbili ndilo la kujadili. Sahani ya mdomo ikiwa na maharage mengi duru ya kwanza na matatu tu duru ya pili, ulizeni taratibu: "Hapa ilikuwa 40, sasa ni 3. Tusaidieni kuelewa." Kisha nyamazeni. Msijaze kimya, hata kama mnaona aibu. Kawaida mama mmoja ataanza kucheka, na baada ya kicheko ndipo maneno yatakuja.

Maswali mazuri mengine ni yale yenye tarehe na mtu ndani yake. "Mara ya mwisho wazo lako lilifanyiwa kazi ilikuwa lini?" "Ukiugua leo usiku, nani wa kanisa hili utampigia kwanza?" "Ni kazi gani ungependa kufanya, lakini ina mwenyewe?" Hilo la mwisho hufungua mambo ya ajabu. Karibu kila kanisa lina mtu anayeshika ufunguo wa stoo kwa miaka kumi na tano, na hakuna aliyewahi kumchagua. Maswali ya "je, unaona upendo upo?" yatupeni.

Msisahau walioondoka. Timu itafute watu watatu wasiokuja tena, iwatembelee nyumbani wawili wawili, bila kuwashawishi warudi. Mkianza kuwahubiria mmepoteza. Ulizeni tu: "Ulipoacha kuja, nani alikuja kukuona?"

Pesa

Hapa nitasema machache kwa kuwa kila mtu anajua. Sikilizeni mambo mawili. La kwanza, mara ya mwisho hesabu ya sadaka ilisomwa lini, na ilisomwa kwa lugha gani. La pili, mnada. Mkungu wa matoke, kuku na trei ya mayai vinapouzwa nje baada ya ibada, nani ananunua? Wakiwa ni wanaume watatu wale wale, wakinunua na kurudisha kwa kicheko ili iuzwe tena, mwenye shilingi elfu mbili mfukoni anajifunza kusimama mbali. Furaha ni ya kweli, ila kuna mtu inamfukuza.

Kama kanisani kuna kikundi cha akiba, nendeni mkakitazame kikifanya mkutano. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na pesa zinahesabiwa hadharani. Mara nyingi ni waumini wale wale mnaowaona hawashiriki. Waulizeni kwa nini kule wanawahi.

Jambo lisilo la kikao

Katika mazungumzo haya mtu anaweza kusema kwamba mtoto ameguswa vibaya, au mama anapigwa, au kiongozi amemtendea msichana uovu. Hilo halingojei ripoti wala halipelekwi kwa wazee "likazungumzwe". Kuna simu ya bure ya watoto 116, na polisi wana dawati la ulinzi wa watoto na familia. Timu ikubaliane tangu siku ya kwanza nani atapiga.

Kuyasoma majibu

Kaeni na daftari, manila ya misiba na hesabu za maharage mezani pamoja. Msitafute wastani. Ukichanganya wazee walioweka maharage tisa na wapangaji walioweka mawili utapata tano na nusu, na hakuna mtu kanisani anayeishi kwenye tano na nusu. Yashikeni makundi kama yalivyo.

Tafuteni mahali ambapo vitu vyote vitatu vinaonyesha jambo moja. Kama wapya hawapo kwenye daftari, msiba wao haukuhudhuriwa, na maharage yao hayakufika kwenye mdomo, hamhitaji ushahidi mwingine.

Namna ya kujibu imo katika Matendo ya Mitume 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuitisha semina ya upendo. Walisema chagueni watu saba. Somea kanisa majina yale: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaonekana kazi ya kugawa ilikabidhiwa upande uliolalamika.

Kurudisha matokeo

Kwanza mwoneni mchungaji faraghani, watu wawili tu, siku tatu au nne kabla. Asisikie habari zake mara ya kwanza mbele ya waumini. Ni mtu, ana moyo. Mpeni nafasi akasirike akiwa sebuleni kwake. Mwambieni, "Mchungaji, tumeona watu wanakupenda, na tumeona mambo mawili yanayowachosha." Msipunguze hayo mawili.

Kisha someni kwa waumini baada ya ibada, ndani ya majuma mawili tangu kikao cha mwisho, watu wakiwa wameketi na chai ikiwepo. Asome yule mama asiye na cheo. Hakuna majina ya watu, kuna majina ya kazi. Tangazo la kikao msiliache kwenye kundi la watsapu peke yake, maana wenye simu za vitufe, ambao mara nyingi ndio mnaowahitaji, watakosa.

Siku hiyo chagueni mambo mawili ya kubadilisha, msivuke. Kila moja liwe dogo kiasi cha kuonekana kwa macho: stoo iwe na funguo tatu, kila msiba upewe watu wawili wa kurudi wiki ya tatu, na mmoja wao atoke nje ya kabila la mfiwa. Andikeni nani, na tarehe gani. Vitu kama "kuimarisha umoja" visiandikwe kabisa kwenye manila, maana hakuna atakayeulizwa.

Baada ya miezi sita fungueni ukurasa mpya, mrudie hatua ya kwanza peke yake, jioni mbili, safu zile zile nne. Vikao na maharage havihitajiki tena mwaka huo. Hesabuni majina. Kama yalikuwa 23 na sasa ni 31, tazameni wale wanane wapya ni akina nani na nani aliwaita. Kama bado ni 23, angalieni kama ni 23 wale wale, kisha mmoja wenu aende stoo akaone funguo ziko kwa nani.